Kazi ya kuvaa kama watu wa kale mbele ya wageni, hapa Lamu: ulizeni nijibu

Mwenye_Joho (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na wengine hamjambo.

Tangu nitupie ile picha nimevaa joho na kilemba, inboksi yangu haipumui. Mmoja kaniuliza kama nimeoa mke wa pili, mwingine anataka kujua filamu inatoka lini. Nimeona bora nifungue uzi nimalize maneno.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna nyumba ya mawe ya zamani mtaa wa Mkomani (jina lake na la mwenyewe nayaacha, msinilazimishe). Imetengenezwa upya, na wageni na wanafunzi wanalipa kiingilio kuiona. Nyumba za namna hiyo ziko kadhaa mjini, ila nyingi ukiingia unakuta kitanda, sahani kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na karatasi ya maelezo ukutani. Yetu ina watu. Unapiga hodi, unapokewa dakani (ukumbi wa mlangoni) na mtu aliyevaa nguo za miaka ya 1820, anakukalisha barazani, anakumiminia kahawa, na anakusimulia Ngome ya Lamu kana kwamba mafundi wamemaliza kuipaka chokaa juzi.

Tulichagua miaka hiyo kwa sababu. Ngome ilikamilika 1821. Kabla ya hapo watu wa Amu, yaani Lamu, walikuwa wamewapiga Wapate (watu wa kisiwa cha Pate) na Wamazrui, watawala wa Mombasa, pale kijiji cha Shela, maji yakawakupwea wavamizi, vyombo vikakwama mchangani wakachinjwa wakivikimbilia. Baadaye mji ukamwita Seyyid Said wa Omani aje awe ngao. Mtu aliyeyapitia hayo yote ana maneno mengi, na kazi yangu ni kumpa mdomo.

Ughaibuni kazi hii ni ya zamani. Skansen kule Stockholm ilifunguliwa na Artur Hazelius mwaka 1891, akahamisha nyumba za wakulima nzimanzima akaweka na watu ndani. Marekani kuna Colonial Williamsburg, mji mzima wa karne ya 18, mtu anaajiriwa kuwa mhunzi au fundi viatu. Kwetu Afrika Mashariki tuna Bomas of Kenya Nairobi na Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam. Huko utaona nyumba na utachezewa ngoma. Lakini mtu anayekaa mbele yako akasema "mimi" kwa niaba ya marehemu, hilo bado geni kwetu, na wengine wanaliogopa.

Kuna namna mbili za kuifanya. Moja, unakuwa mtu wa zama zile moja kwa moja: simu huijui, Kenya huijui, ukiulizwa rais ni nani unashangaa. Ya pili, nguo za kale lakini mdomo wa leo. Mimi nachanganya. Chini, dakani na kiwandani (ua wa ndani), ni Bwana wa miaka ya 1820. Tukipanda juu navua kilemba naweka kando, na hapo niulize lolote. Watoto wa shule wanalishika haraka kuliko watu wazima. Utasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake: "Ngoja avue kilemba ndio umuulize."

Sasa nguo, maana ndilo swali la wengi. Ndani kikoi, juu yake kanzu, juu yake joho jeusi lenye nakshi za uzi wa dhahabu kifuani, kilemba, jambia kiunoni, miguuni mitalawanda, viatu vya mti. Joho ni la sufu. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, saa sita mchana, jasho linatoka kisogoni linateremka uti wa mgongo linaishia kwenye fundo la kikoi. Hapo ndipo kikoi kinapoanza kuteleza, na huwezi kukipandisha mbele ya darasa la sita. Dawa ni kufunga mkanda wa kitambaa ndani yake kabla hujavaa kanzu. Joho halifuliwi, linaanikwa kivulini na kufukizwa udi. Mitalawanda ifanyie mazoezi nyumbani wiki nzima, la sivyo utaanguka kwenye ngazi zetu zisizokuwa na mkono. Na saa ya mkononi vua asubuhi mapema, alama yake nyeupe inaonekana.

Jambia tumeliondoa makali na kuligandisha ndani ya ala. Kila mgeni wa kiume anataka kulichomoa.

Karibuni maswali.


Pweza_Mkavu

Mkuu hayo yote mazuri. Pesa vipi?


Mwenye_Joho

Nilijua. Mshahara wa mwezi hakuna. Ni kibarua cha siku, shilingi 1,500, na bakshishi inaingia kwenye kopo moja tunagawana jioni. Julai na Agosti kazi ipo, Desemba ipo, siku za Maulidi na za tamasha la utamaduni mwezi wa Novemba ndio usiseme. Masika ikishuka, Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi zinafunga na mimi narudi kwenye boti ya mzee wangu.

La kuangalia: kabla hujavaa nguo ya mtu, andikishaneni nani anabeba gharama ikiharibika. Mahali nilipoanzia, siyo hapa nilipo, msumari wa mlango ulinishika joho likachanika kwapani. Nikakatwa malipo ya wiki nzima. Mlango wao, msumari wao.


Mwalimu_wa_Zamu

Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi ni mwalimu Malindi. Sisi hatuna nyumba, tuna ufuo na wanafunzi, na kila tukipata nafasi tunaigiza mwaka 1498, Vasco da Gama anapofika.

Safari ya kwanza wafadhili wa onyesho walituletea maneno yameshaandikwa. Mfalme wa Malindi anapiga magoti ufukweni, Vasco anashuka na sanduku la dhahabu. Nikawaambia hilo watoto wangu hawaigizi. Shajara ya safari ile ipo, imeandikwa na mmoja wa waliokuwa ndani ya merikebu zake, na hakuna aliyempigia mwenzake magoti. Hata nchi kavu hawakukutana. Mfalme alimkaribisha mjini, Vasco akasema bwana wake hakumpa ruhusa ya kushuka, basi wakaonana baharini, vyomboni.

Mavazi ya mfalme yameelezwa vizuri mno, raha kwa mtu wa kazi kama yako. Joho la damaski lililotiwa atlasi ya kijani. Kilemba cha thamani. Amekaa kwenye viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu kwenye mti mrefu. Pembeni mzee ameshika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na wapiga tarumbeta wengi, kati yao wawili wenye pembe za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu mzima, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Watu wa Lamu mnajua hizo ni nini: siwa.

Sisi tulichukua mwavuli mkubwa wa mauzo ya kampuni ya simu, tukaufunika atlasi nyekundu ya dukani. Upepo wa baharini ukaunyanyua pamoja na mtoto aliyeushika, tukamwongeza mwenzake.

Sehemu inayowachekesha wanafunzi ni zawadi. Vasco alitoa vazi moja, kofia, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, vikengele na vitambaa. Mfalme akajibu kwa kondoo sita na karafuu, jira, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Mtoto wa darasa la tano alisimama akauliza: "Mwalimu, sasa nani alikuwa maskini?" Huhitaji kuhubiri tena.

Kila onyesho lazima mzazi mmoja apige kelele, "Ibn Majid yuko wapi?" Yule rubani aliyetolewa Malindi kuwapeleka Calicut, Uhindi, mwandishi wa shajara hakumtaja jina, na wanahistoria wengi wameshaona kwamba Ibn Majid hakuwa yeye. Mimi namvalisha kanzu na kilemba, jina simpi.


Pweza_Mkavu

Mwalimu nimecheka hapo kwenye mwavuli. Nimeweka kambi hapa, endeleeni.


Babu_wa_Langoni

Mwanangu Mwenye Joho, yeo mjukuu wangu kanionyesha picha yako. Joho umelivaa sawa, kilemba kimekaa. Lakini yule binti nyuma yako kavaa buibui. Miaka ya 1820? Buibui halikuwako. Limeingia nti hii mwanzo wa karne ya 20. Na hizo leso zilizoanikwa uani nazo hazijaja, leso za rangi ni mambo ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Zamani za kae bibi wa kiungwana akitoka alitoka na shiraa. Kitambaa kikubwa kimeinuliwa kwa miti, kimemzunguka pande zote, yeye yuko ndani anatembea nacho. Hata kisigino hukioni. Kwa hivyo kama mnataka kuonyesha watu ukweli, tengenezeni shiraa.

Ila jiulizeni kwanza: ile miti nani aliishika? Bibi hakuishika mwenyewe.


Mwenye_Joho

Babu shikamoo. Hapo ndipo palipo na kazi, na ndiko nilikokuwa naelekea.

Shiraa tumeishona. Buibui la kwenye picha lilikuwa la kabla. Miti ya shiraa walishika vijakazi. Basi siku tulipoianika shiraa kiwandani, mambo yakasimama. Waigizaji tulikuwa kumi na kitu, kila mtu bwana au bibi. Wote waungwana. Nyumba nzima mabwana, hakuna wa kuchota maji. Mkubwa wetu akauliza nani atashika miti, kila mmoja akawa anaangalia kucha zake.

Wenye kuijua Lamu wanaelewa kwa nini. Mji wetu mdogo, ukoo wa mtu unajulikana, na mambo ya nani alikuwa wa nani watu hawayasemi hadharani ila wanayakumbuka sana wakati wa posa. Utumwa sheria imeuondoa pwani hii 1907 tu. Wako watu mjini ambao bibi yao aliyewalea alizaliwa kabla ya hapo.

Lakini mtazame nyumba. Kuta za matumbawe unene wa dhiraa nzima, chokaa iliyochomwa kwa kuni, zidaka safu juu ya safu zimekatwa kwenye plasta kwa kisu. Boriti zimebebwa kutoka mikokoni. Jiko liko juu paani, kisima kiko chini kabisa. Kila tone la maji limepandishwa ngazi kichwani mwa mtu. Mashamba yaliyolipia yale masahani ya Kichina yalikuwa bara, ng'ambo ya mlango wa bahari, na waliolima hawakuwa hao waliolalia vitanda vya nakshi. Nikikaa barazani nikamwambia mgeni "karibu nyumbani kwangu" halafu nisimwonyeshe aliyeijenga, nimemuuzia nusu nyumba.


Mtoto_wa_Siyu

Nitasema wazi. Mnafanya vibaya. Mnawavua nguo wazee wetu mbele ya watalii kwa shilingi 1,500. Mtalii ataondoka na picha yake, sisi tunabaki mtaa mmoja, tunaswali msikiti mmoja, tunaoana. Leo binti kashika mti wa shiraa, kesho mtu atauliza: mbona wamemchagua yeye? Ana asili gani? Mmefikiria hilo?


Mwenye_Joho

Tumelifikiria, na hoja yako ina uzito kuliko unavyodhani. Ndiyo maana hatuna mtumwa wa kudumu. Ni zamu. Aliyekuwa bibi wiki hii, wiki ijayo anashika mti, awe wa ukoo gani sijui na hatuulizi. Wanaume vilevile. Zamu yangu ikifika navua joho, najifunga kitambaa kiunoni, kifua wazi, bila kofia bila viatu kwa sababu mtumwa hakuruhusiwa, nakaa chini kwenye kipandio cha daka huku mwenzangu amekaa barazani na joho langu. Shangazi yangu alipita ujirani wetu akaniona vile, akageuza uso. Nyumbani alimwambia mama kuwa nimeaibisha ukoo. Mama akamjibu kuwa ukoo unakula samaki niliowanunua. Hayo yanaendelea.

Na hatuko peke yetu. Oktoba 1994 pale Williamsburg waliigiza mnada wa watumwa, watu wanne wanauzwa mbele ya umati. Aliyeongoza jambo lile, Christy Coleman, ni mwanamke mweusi, na yeye mwenyewe aliigiza mmoja wa waliouzwa. Watetezi wa haki za watu weusi walikuja kuandamana, wakiwaambia wanafanya kiroja cha mateso ya wazee wao. Mnada ukafanyika, na mmoja wa viongozi wa waandamanaji akatoka pale amebadilisha kauli. Ila wenyewe hawakuufanya kuwa mchezo wa kila siku, na mimi nawaelewa. Kuna vitu havifai kurudiwa saa nne na saa nane kama ratiba ya feri.

Nimemwomba mwenzangu aje aseme mwenyewe, maana yeye ndiye wa kwanza aliyekubali.


Mbeba_Mtungi

Salaam nyote. Mimi ndiye. Nilikubali kwa masharti, na masharti nikayaandika.

La kwanza, nina jina. Siitwi "kijakazi", naitwa Zafarani. Nililichagua mwenyewe. Watumwa walikuwa wakipewa majina ya vito, manukato na bahati njema, akina Almasi, Feruzi, Mabruki, yaani jina zuri kwa mtu usiyemwuliza jina alilopewa na mamake. La pili, nasema. Sisimami kama pambo huku bwana anaeleza. La tatu, hakuna picha mpaka nimekubali. La nne, mwigizaji mwenzangu hanipigi, hanivuti, hata kwa mzaha, hata mgeni akiomba. Na wapo wanaoomba.

Zafarani ametoka pande za Ziwa Nyasa, akapitishwa Kilwa, akauzwa Unguja, akapandishwa jahazini msimu wa kusi mpaka Lamu. Ni njia waliyopitia wengi. Kiswahili amejifunzia njiani, kwa hiyo mwanzo mwanzo nazungumza na wageni kwa maneno machache, nawaacha wasubiri.

Swali ninaloulizwa sana, na wageni wa nje na wa kwetu: "Lakini mabwana wa Kiswahili walikuwa wema, sivyo?" Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi sijibu. Nakujazia mtungi kisimani, nakupa, nakuambia upeleke jikoni. Mtungi wa udongo ukijaa una uzito, na ngazi zetu zimejikunja, dari inakugusa kichwa. Wengi wanaishia kiwanda cha juu, wamelowa mabega, wanacheka. Nawaambia bado mara saba, na bibi hajaoga. Kucheka kunakatika kwenyewe. Kisha ndio nawakalisha tuongee juu ya wema.

Kwa dada aliyeniuliza inboksi kuhusu stara: Zafarani anavaa shuka mbili za kaniki, moja kwapani moja kichwani, na ndani nina fulana ya mikono na suruali. Hakuna anachokiona mtu. Mwanamume mgeni siguswi naye, na hilo nalo liko kwenye yale masharti. Baba alikuja kuona kabla sijaanza, akakaa dakani saa nzima, akaondoka ananiambia nidai nauli.

Ndugu yangu wa Siyu, sikukasirikii. Lakini unasema tunawavua nguo wazee wetu. Zafarani naye ni mzee wa mtu.


Mtoto_wa_Siyu

Dada, hilo la mwisho nimelipokea. La posa bado liko palepale, na zamu zenu hazitalimaliza. Mtaani watu hawasomi ratiba.


Mbeba_Mtungi

Kweli hawasomi. Mimi nimeshaposwa lakini, tena baada ya kazi hii.


Pweza_Mkavu

Hongera! Uzi umegeuka harusi.


Babu_wa_Langoni

Binti, Mungu akubarikie. Bibi yangu alikuwa akituhadithia shiraa na ile miti, na aliposimulia alisimulia kutoka upande wa mti, siyo upande wa kitambaa. Sikupata kuliandika popote mpaka yeo.

Mwenye Joho, shiraa yenu nitakuja kuitazama. Na kahawa yenu isiwe na sukari. Zamani hizo tende huliwa kando.


Mwenye_Joho

Karibu sana Babu, kiingilio hulipi. La sukari nimelibeba.

Kwa waliouliza namna ya kujiunga: mje na kitambulisho, mjue kusimulia bila kusoma karatasi, na msikubali "siku ya majaribio" isiyolipwa popote mtakapokwenda. Kiamu cha nyumbani, Kiswahili chetu cha Lamu, ni faida kubwa kuliko Kiingereza, wenye Kiingereza wako tele. Wenye miwani tunawapa kazi za juu, kilemba kikiwa kimeshavuliwa.


Mwalimu_wa_Zamu

Kabla hamjafunga, nina shida. Nataka pembe mbili za mfalme wa Malindi, urefu wa mtu. Tunatumia bomba la maji la plastiki na watoto wanalipuliza kwa mwisho kama vuvuzela. Mna siwa ya kutukopesha?


Mwenye_Joho

Mwalimu, siwa ya Pate ni ya pembe na ya Lamu ni ya shaba, zote mali ya historia, huwezi kuzipakia kwenye basi la Malindi. Tafuta fundi seremala akuchongee ya mti. Mwambie tundu alitoboe ubavuni, karibu na ncha nyembamba, siyo mwishoni. Nitakupigia picha ya ile yetu ya mti nikuwekee vipimo. Na bomba usilitupe, likate urefu huohuo watoto wafanyie mazoezi ya pumzi, maana siwa ina kiburi, wa kwanza kuipuliza huwa hatoi sauti.